Dock Boggs: alirekodi nini hasa, na kwa nini "Country Blues" yangu haitoki kama yake?

UziWaTano

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaomfahamu vizuri Dock Boggs, yule mpiga banjo mchimba makaa wa Virginia. Nilimsikia kwenye Anthology of American Folk Music, ule mkusanyo wa Harry Smith wa 1952, ambamo ana nyimbo mbili: "Sugar Baby" na "Country Blues". Mambo matatu yananitatiza.

Kwanza, habari zake mtandaoni zinagongana. Huku wanasema aligunduliwa Bristol 1927, kule wanasema aligunduliwa 1963. Ukweli ni upi, na alirekodi nini na nini?

Pili, naipiga "Country Blues" kwenye banjo ya nyuzi tano iliyotuniwa G ya kawaida (gDGBD), mtindo wa klohama: kucha inashuka juu ya uzi, dole gumba linafuata kwenye uzi wa tano. Noti za wimbo zipo zote, lakini sauti inatoka tamu kupita kiasi. Ukali wake haupo kabisa.

Tatu, kuna nakala ya santuri ya Brunswick 118 (Brunswick ni kampuni ya santuri) inauzwa, na muuzaji anasema ina mikwaruzo. Nikiipata, niicheze kwa kifaa gani, na niihamishie vipi kwenye kompyuta bila kuiharibu?

---

MlinziWaSanturi

Nijibu la kwanza. Bristol haimhusu. Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alirekodi wanamuziki Bristol mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1927. Kufikia hapo Boggs alikuwa ameshatoka New York kurekodi, maana alikwenda huko mwezi Machi mwaka huohuo. Watu huchanganya kwa sababu Norton, kwao Boggs, na Bristol zote ziko kusini-magharibi mwa Virginia, na mwaka ni mmoja.

Jina lake kamili ni Moran Lee Boggs. Alizaliwa tarehe 7 Februari 1898 huko West Norton, Wise County, kitinda mimba katika watoto kumi. Alipewa jina la daktari wa pale, na ndiko "Dock" ilikotoka. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari anafanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1918 alimwoa Sara Stidham, mwanamke mcha Mungu ambaye hakuupenda muziki wa mumewe, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika yaliyofuata.

Mapema 1927 watu wa Brunswick walifika Norton kutafuta wapigaji, wakawasikiliza hotelini. Boggs alikwenda na banjo ya kuazima, akapita. Machi akapelekwa New York, na hapo zikatoka pande nane, yaani santuri nne:

Brunswick 118: "Down South Blues" na "Sugar Baby"
Brunswick 131: "Country Blues" na "Sammie, Where Have You Been So Long"
Brunswick 132: "Pretty Polly" na "Danville Girl"
Brunswick 133: "Hard Luck Blues" na "New Prisoner's Song"

Baadhi ya pande hizo zina gitaa la Hub Mahaffey, mwenzake kutoka kwao. "Country Blues" ni yeye peke yake na banjo. Kampuni ilitaka arekodi zaidi, lakini hakukubali kwanza, alitaka aone watamtendeaje kwa hizo nane. Kwa mchimba makaa ambaye hajawahi kuingia studio, huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua thamani ya alichonacho.

Baada ya hapo aliacha mgodi kwa muda, akaunda bendi iliyoitwa Cumberland Mountain Entertainers, wakawa wanapiga kwenye kambi za wachimba makaa. Mwaka 1929 akarekodi Chicago pande nne kwa ajili ya W. E. Myer, mfanyabiashara wa Richlands, Virginia, aliyeanzisha lebo yake mwenyewe, Lonesome Ace: "Will Sweethearts Know Each Other There", "Old Rub Alcohol Blues", "Lost Love Blues" na "False Hearted Lover's Blues". Gitaa alipiga Emry Arthur. Santuri zilitengenezwa na Paramount. Myer ndiye aliyekuwa akimletea mashairi, na Boggs akayatafutia sauti. Kwenye lebo yaliandikwa maneno ya kuwaahidi wateja kwamba hawatasikia mtu akiimba kwa kubadilisha sauti kooni, jambo lililokuwa limeenea mno wakati ule baada ya mwimbaji Jimmie Rodgers. Kisha uchumi ukaporomoka na Lonesome Ace ikafa. Ndiyo maana santuri hizo mbili ni adimu kuliko zile za Brunswick.

Jumla: pande 12, santuri sita, vikao viwili. Hakuna zaidi kwa kipindi cha kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliiweka banjo yake rehani kwa rafiki, na ikakaa huko takribani robo karne huku yeye akirudi chini ya ardhi kuchimba.

Hiyo 1963 unayoisoma ni kweli, ila si kugunduliwa, ni kutafutwa. Mike Seeger wa kundi la New Lost City Ramblers alimkuta Juni 1963 hukohuko Norton, amestaafu mgodini na ameshaikomboa banjo. Mwaka uleule alipiga kwenye tamasha la Newport. Akarekodi kwa lebo ya Folkways kati ya 1963 na 1968. Alifariki tarehe 7 Februari 1971, siku aliyotimiza miaka 73.

Ukitaka zote za mwanzo pamoja, tafuta toleo la lebo ya Revenant la 1997, lina pande zote 12 na baadhi ya majaribio ambayo hayakutoka wakati ule. Za miaka ya 1960 zimekusanywa na Smithsonian Folkways kwenye diski mbili, 1998. Kurasa za maelezo za santuri za Folkways zinasomeka bure kwenye tovuti yao. Zisome hata kama hununui.

---

GumbaNaShahada

La pili ni langu. Mkuu, una makosa mawili: tuni na mkono wa kulia. Wa kushoto hauna tatizo.

Tuni kwanza. "Country Blues" inataka f#DGAD. Kutoka G yako ya kawaida unashusha nyuzi mbili tu: uzi wa tano kutoka G hadi F# (nusu toni moja), na uzi wa pili kutoka B hadi A (nusu toni mbili). Wa kwanza, wa tatu na wa nne usiuguse. Bila mashine ya kutunia unahakiki hivi:

Uzi wa tatu, freti ya 2, ulie sawa na uzi wa pili ulio wazi (A).
Uzi wa pili, freti ya 5, ulie sawa na uzi wa kwanza ulio wazi (D).
Uzi wa kwanza, freti ya 4, ulie sawa na uzi wa tano ulio wazi (F#).

Usishushe uzi moja kwa moja mpaka kwenye noti ukauacha hapo. Ushushe upite chini kidogo, kisha upandishe hadi noti yenyewe. Uzi husuguana na mfereji wake pale kichwani, na ukishushwa tu hubaki na ulegevu uliojificha ambao utatoka ukishapiga beti mbili. Hapo utadhani vigingi ndivyo vibovu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kituo cha wimbo ni D. Noti anazoziimbia zaidi ni D, F, G, A na C. Zipo hapa: uzi wa nne wazi ni D, freti ya 3 ni F, uzi wa tatu wazi ni G, uzi wa pili wazi ni A, freti ya 3 ni C, uzi wa kwanza wazi ni D, freti ya 3 ni F, freti ya 5 ni G. Nyingi ziko wazi au freti ya 3, mkono wa kushoto hauna kazi kubwa.

Lakini uzi wa tano unalia F#, na wewe unaimba na kupiga F. Nusu toni kati yake. Kila mara wimbo unapogusa F huku uzi wa tano ukivuma, noti hizo mbili zinakwaruzana. Ukali unaoutafuta uko hapo. Kwenye gDGBD uzi wa pili ni B na wa tano ni G, kila kitu kinakubaliana na chodi ya G, hivyo lazima itoke tamu hata ukipiga kwa hasira.

Mkono wa kulia: Boggs hapigi klohama. Kucha haishuki. Anadonoa nyuzi kwa vidole vitatu, vidole viwili vikivuta kwenda juu. Mgawanyo wa msingi ni huu: kidole cha kati kwenye uzi wa kwanza, cha shahada kwenye wa pili, na dole gumba linabeba wa tatu, wa nne na wa tano. Klohama inaleta mwendo wa dansi, bam-diti bam-diti, kwa sababu mkono mzima unashuka kwa mapigo sawa. Kudonoa kunaiacha kila noti isimame peke yake, na ndivyo anavyoweza kuifuata sauti yake neno kwa neno.

Njia ya kujifunza inayozaa matunda:

Anza bila uzi wa tano kabisa. Imba mstari mmoja polepole, na kila silabi uipe noti yake kwenye banjo, sauti na uzi vikitoka pamoja. Usiweke chodi yoyote. Ukishaweza mistari minne bila kusita, ingiza uzi wa tano katikati ya noti, mahali sauti inapovuta pumzi au inapoburuta neno. Wengi huharibu hapa: wanaupiga uzi wa tano kila pigo kwa sababu mkono umezoea klohama, na wimbo unafunikwa. Uzi wa tano ujaze pengo tu.

Kisha neno la mwisho la mstari. Boggs analiburuta mpaka banjo imalize kifungu chake. Ukihesabu mapigo manne kwa manne na kukata pale, unaiua.

---

NotiZaBuluu

Niongeze jambo ambalo likiachwa mtu hamwelewi Boggs. Ule mkono wa kulia haukutoka kwa nduguze. Nyumbani kwao walipiga banjo kwa mtindo wa kawaida wa milimani, wa kushusha kucha. Boggs mwenyewe alieleza kwamba akiwa mtoto alimfuata mpiga gitaa Mweusi aliyeitwa Go Lightning kandokando ya reli, akimsihi apige, na kwamba baadaye alisikia bendi ya watu Weusi huko Dorchester, kambi ya makaa jirani na Norton, ambamo mpiga banjo alidonoa kwa vidole na dole gumba. Aliamua hapohapo kwamba hivyo ndivyo atakavyopiga.

Pia alisikiliza santuri za wanawake waimbaji wa bluzi wa miaka ya 1920, zile zenye piano nyuma. "Down South Blues" imetoka kwenye santuri ya namna hiyo. Kwa hiyo unaposikia noti zake zikining'inia kati ya F na F#, hasikii vibaya wala banjo haijaharibika tuni. Anafanya kwa koo na uzi kile ambacho waimbaji wale walifanya kwa koo.

Banjo yenyewe ilifika Marekani kwa mikono ya Waafrika waliotekwa utumwani, na uzi mfupi unaovuma bila kubonyezwa bado upo kwenye ala kama akonting ya Wajola wa Senegambia. Wengi humweka Boggs kwenye rafu ya "muziki wa Wazungu wa milimani" wakaishia hapo. Ukizipiga "Country Blues" na "Down South Blues" mfululizo, rafu hiyo haitoshi.

---

FundiMkanda

Swali la tatu, hiyo Brunswick 118.

Usiiweke kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye sindano ya chuma. Kichwa chake kina uzito wa zaidi ya gramu 100 na kila mzunguko unakwangua mfereji. Tumia meza ya umeme yenye spidi ya 78, kichwa cha kisasa cha gramu 3 hadi 5 kulingana na maelekezo ya kichwa chenyewe, na sindano ya 78. Sindano ya santuri za LP (zile za plastiki zilizokuja baadaye) ina upana wa takribani maikroni 25. Ya 78 ni kama 76. Ukitumia ya LP itazama hadi chini ya mfereji, mahali ambapo uchafu wa miaka karibu mia umelala, nawe utasikia mchanga badala ya banjo.

Kuosha: maji safi yasiyo na chumvi, tone moja la sabuni laini ya maji, brashi laini, ukifuata mzunguko wa mfereji. Lebo isilowe. Spiriti au dawa yoyote yenye alkoholi usiikaribishe kamwe. Santuri hizi ni za sheleki, aina ya utomvu, na alkoholi huyeyusha sheleki. Dawa nyingi za kusafishia LP zina alkoholi, soma chupa kabla.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji arekodi sekunde 20. Ukisikia mlio wa kugonga, tak... tak... tak, kila baada ya sekunde 0.77, huenda ni ufa au mkwaruzo mrefu unaokatiza mifereji, kwa sababu ndio muda wa mzunguko mmoja kwa spidi ya 78. Mikwaruzo midogo iliyotawanyika haina mpangilio. Ufa mdogo unachezeka, ila kwenye posta unaweza kufika umekuwa vipande viwili.

Sasa kuhamisha. Kosa kubwa ni kupitisha sauti kwenye amplifaya ya kawaida ya santuri na kuiacha hivyo. Amplifaya hizo zina mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kupandisha na kushusha sauti za chini na za juu, uliokuja kutumika kwa LP miaka ya 1950, na mkunjo huo unashusha sauti za juu, kama desibeli 13.7 kwenye hezi 10,000. Santuri za umeme za 1927 kwa kawaida hazikupandishwa sauti za juu wakati wa kurekodi, kwa hiyo unazishusha bure. Kwa banjo ni hasara mbaya sana, maana mlio wa kwanza wa kidole kinapoachia uzi uko hukohuko juu. Ama rekodi bila mkunjo, ama uondoe RIAA kwenye programu, kisha uweke mkunjo wa sauti za chini tu, ukianzia karibu na hezi 300 kushuka, na usikilize kabla ya kuongeza chochote.

Rekodi stirio kwa biti 24 ingawa sauti ni moja. Ukuta mmoja wa mfereji mara nyingi umechakaa kuliko mwingine, na ukiwa na pande zote mbili unaweza kuchagua. Kama zote ni sawa, zichanganye ziwe mono na sehemu ya kelele itajifuta yenyewe. Ondoa milio ya tak mmoja mmoja. Usiuache mtambo wa kufuta kelele ufanye kazi kwa nguvu zote, unakula mlio wa uzi pamoja na kelele.

Kama meza yako haina 78, cheza kwa 45 kisha ongeza spidi mara 1.739 kwenye programu. Mkunjo uuweke baada ya hapo, usitangulie.

---

UziWaTano

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimetuni f#DGAD na tofauti ilisikika papohapo. Mawili yamebaki. Uzi wa pili unavuma vibaya kwenye freti ya 3, na kwenye santuri naona sauti yake haiangukii D sawasawa ninapopiga naye pamoja. Na mwenzangu wa gitaa akipiga D, tunagongana.

---

GumbaNaShahada

Uzi wa pili umelegea kwa toni nzima kutoka pale ulipozoea, kwa hiyo unatikisika kwa upana zaidi na kugusa freti za mbele. Kama ni namba 011, weka 012 au 013. Kama bado, kagua kidaraja: mlio wa kugusa uzi kidogo tu, bila kubonyeza, juu ya freti ya 12 uwe noti ileile na ya kubonyeza freti ya 12. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, sogeza kidaraja kuelekea mkiani, milimita moja moja. Angalia pia ngozi. Ikiwa imelegea, kidaraja kinazama na nyuzi zote zinakaribia freti. Kaza skrubu za mzunguko robo mzunguko kila moja, ukiruka kwenda upande wa pili, usimalize upande mmoja kwanza.

Gitaa: mwenzako anapiga D kubwa yenye F# au D ndogo yenye F? Vyovyote, anachagua upande kwenye ugomvi ambao wimbo umeuacha wazi. Apige D na A tu, aiache noti ya tatu kabisa. Besi ya D kwenye uzi wa nne, kisha A na D juu yake. Inatosha.

---

FundiMkanda

Kuhusu kutoangukia D: kuna sababu mbili na huwezi kuzitenganisha kwa sikio peke yake. Spidi ya "78" ya enzi zile haikuwa sawa kila studio, na tofauti ya takribani asilimia 6 ni nusu toni nzima. Yaani kutoka 78.26 hadi kama 82.9 unapanda nusu toni, na ukishuka hadi 73.9 unashuka nusu toni. Sababu ya pili ni kwamba mpiga banjo wa peke yake hana sababu ya kutuni kwa kipimo cha piano. Anatuni panapomfaa koo.

Kwa hiyo usiilazimishe santuri ilie D kamili ukadhani umepata spidi sahihi. Kwa mazoezi, fanya kinyume: tuni banjo yako ifuate santuri, ukianzia uzi wa kwanza, halafu zile hatua tatu za GumbaNaShahada zitakuletea nyuzi zilizobaki.

---

MlinziWaSanturi

Baada ya hapo sikiliza "Country Blues" ya Folkways mara mbili. Santuri ya inchi 10 ilibeba kama dakika tatu, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kupunguza beti zimtoshe. Miaka ya 1960 kwenye mkanda hakubanwa na muda, na maikrofoni ilikuwa karibu zaidi na mkono. Sauti imezeeka, lakini utalisikia waziwazi dole gumba likihama kutoka uzi wa nne kwenda wa tano, jambo ambalo kwenye Brunswick limefunikwa na kelele ya sheleki. Jifunze mkono kwenye ile ya baadaye, na mwendo kwenye ile ya 1927.